Vikuku vya Bibi na Upinde wa Mwalimu

Mwalimu wetu wa kwaya amefariki. Habari ilinifikia asubuhi kwenye kundi la simu la wanakwaya wa zamani, nikiwa nafungua duka langu la vitenge pale Murongo, na kabla sijamaliza kuisoma watu walishaanza kumimina maua na mishumaa na pumzika kwa amani baba yetu. Mimi sikuandika kitu. Nilimwachia binti yangu duka, nikavuka barabara kwa mama mmoja anayeleta samli kutoka ng'ambo, nikanunua chupa moja ya kupeleka msibani. Mungu ni shahidi yangu, niliinunua kwa nia njema, maana kwetu huendi kwenye msiba mikono mitupu. Lakini yule mama alipofungua kifuniko ninuse kama ni ya kweli, ile harufu ya moshi na maziwa yaliyolala ikanipanda puani, na hapo hapo nikawa na miaka tisa, vidole vyangu viwili vinanata.

Najua marehemu hasemwi vibaya. Nimefundishwa kama mlivyofundishwa ninyi, wenzangu tuliokula viboko vya enzi ile. Asiyetaka kusikia azibe masikio, mimi nimenyamaza miaka ya kutosha.

Tulikaa Bweranyange, kwenye kibanja cha babu mzaa baba, migomba imezunguka nyumba na mibuni chini yake. Babu alikuwa mpiga endingidi, lile zeze letu la uzi mmoja lililowambwa ngozi ya kenge. Harusi yenye heshima zake haikufanyika bila yeye, na watu walitoka hadi Kituntu kuja kumwomba. Wengi walilisifu zeze. Mimi niliupenda upinde.

Ulikuwa ufito tu, umekunjwa kama pinde za watoto za kuwindia ndege, nyuzi za katani zimekazwa kutoka ncha moja hadi nyingine. Lakini pale mkono unaposhika, ulikuwa umevaa. Bibi alipofariki, siku ya kugawa vitu vyake, huyu alichukua kanga, yule chungu, mwingine jembe. Babu aliomba kitu kimoja, vikuku vyake vya miguuni. Si hivi vikuku vya siku hizi mnavyovinong'ona. Vya bibi vilikuwa singa za mkia wa ng'ombe wake mwekundu mwenye mkia mweupe, zimesokotwa, zikazungushiwa waya ya shaba nyembamba kama uzi, na mwisho wa kila kikuku alifunga fundo la uzi mwekundu wa cherehani. Fundo lile lilikuwa lake, hakuna mwingine aliyelifunga vile. Babu akavizungusha vyote vinne kwenye upinde, akaacha ncha ya kimoja ining'inie. Akivuta upinde, ile ncha inagonga mti, chi, chi, chi.

"Unamsikia?" aliniuliza mara ya kwanza. "Bibi yako anacheza."

Nami niliamini. Niliamini miguu ya bibi imo mle, na kila nilipopita karibu na ukuta ulipotundikwa upinde nilisema shikamoo, kisha nasubiri kidogo, kwa adabu, ili naye apate nafasi ya kuitikia marahaba. Mama alinisikia siku moja akataka kunizuia, babu akamwambia aniache, kwani mtoto anamsalimia mtu mzima na hilo halina kosa.

Kazi yangu ilikuwa kuipaka samli ile ngozi ya kenge, kidogo tu, kwa ncha ya kidole, isije ikapasuka wakati wa kiangazi. Babu alinisimamia hatoki. Ngozi, ndiyo. Nyuzi za upinde, kamwe. Katani ikishaguswa na samli inateleza juu ya uzi, haikwaruzi, na zeze linakuwa bubu hata ulivute kutwa nzima. Alinifundisha kwa swali na jibu, kama mafundisho ya kipaimara. Anauliza, samli na katani? Najibu, ni wake wenza, babu, hawalali nyumba moja. Hapo anacheka na kunipa buni ya kutafuna.

Ndipo akaja Mwalimu. Alitoka upande wa Bukoba, akapangiwa shule yetu ya msingi, na kanisa likampa kwaya. Mashati yake yalikuwa meupe hata wakati wa vumbi, na Kiswahili chake kilitutia aibu sisi tuliokuwa tukichanganya na Kinyambo kila neno la tatu. Alikuja na fidla ndani ya sanduku jeusi lenye kitambaa chekundu ndani. Mimi nilichaguliwa kulibeba kutoka nyumbani kwake hadi kanisani, kwa sababu nilikuwa nawahi. Nilitembea nalo kama nimebeba mtoto mchanga. Wenzangu walinionea wivu na mimi nilifurahi sana kuonewa.

Alitufundisha upinde wa fidla sehemu kwa sehemu. Mbele kuna kichwa, na usoni pake kimebandikwa kibati cha mfupa mweupe. Kisha fimbo yenyewe, nyekundu iliyoiva, imepinda kwa ndani kidogo kama mgongo wa paka. Kisha singa, tena za mkia wa farasi, mnyama ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Nyuma kuna kisigino cha mpingo, na mwisho wake skrubu ndogo ya fedha: ukiizungusha singa zinakaza, ukiirudisha zinalegea, na lazima uzilegeze kabla hujaulaza. Kulikuwa na kipande cha utomvu mkavu wa msonobari, rangi ya asali, cha kusugulia singa zishike uzi. Nilidhani ni peremende yake anayotunyima. Siku moja nilikilamba, nikashinda nimefunga mdomo hadi jioni kwa uchungu wake.

Lakini kilichonitisha ni kile kitu kilichopachikwa ubavuni mwa kisigino. Kijiduara cha gamba la chaza, cheupe, ndani ya pete nyembamba ya fedha. Ukikigeuza kinapita kijani, kinapita waridi, kinakufuata. Wenzangu waliona urembo. Mimi niliona jicho, na nikaamini linaona. Mwalimu alikuwa akijua nani hajakariri wimbo na nani amechelewa, nami nikajua ni nani anayemwambia. Nilipolibeba lile sanduku sikuthubutu hata kuwaza mabaya.

Upinde ule ulikuwa na kasoro moja. Pale vidole vinaposhika, mbele ya kisigino, palizungushiwa waya ya fedha, na waya ile ilikuwa imekatika na kufumuka. Mwalimu alipafunga bendeji ya zahanati. Aliionea aibu sana. Wakija wageni huificha ndani ya kiganja, na akimaliza kupiga hukimbilia kuurudisha upinde sandukuni.

Siku ya harusi moja kule Kituntu alimwona babu akipiga. Nilikuwapo. Watu wote walicheza, yeye alisimama mbele ya babu muda mrefu, wala haangalii zeze, anaangalia mkono. Wiki iliyofuata akaniita baada ya mazoezi. Akasema nimletee upinde wa babu auone ulivyovalishwa, siku mbili tu, na nisimsumbue mzee kwa kumwambia. Akasema akishauona atanifundisha kupiga fidla, mimi wa kwanza. Mimi, msichana wa Bweranyange mwenye funza miguuni! Nilisubiri babu ashuke migombani kupunguza machipukizi, nikapanda kigoda, nikasema shikamoo bibi twende matembezi, nikaufunga upinde kwenye kanga na kuondoka. Siku hizo mbili babu alikuwa na homa, hakugusa zeze, nikaona hata Mungu yuko upande wangu.

Siku ya tatu Mwalimu alinirudishia umefungwa kwenye gazeti. Niliufungua njiani, chini ya mibuni ya watu. Ulikuwa uchi. Mti ulikuwa mweupe pale shaba ilipokuwa imekaa, kama kidole kilichovuliwa pete. Nilirudi mbio hadi mlangoni kwake, nikamkuta ameketi na upinde wake magotini. Bendeji imeondoka. Mahali pake palikuwa pamevalishwa kipande cha ngozi ya mbuzi, kimeshonwa vizuri, kimenenepa kidogo.

"Vikuku gani?" aliniuliza nilipomdai, mpole kabisa.

Nimekutana na watu wabaya maishani. Nafanya biashara mpakani, nimetapeliwa na wanaume wenye tasbihi na wanawake wenye Biblia. Lakini sauti ile ya upole sijaisikia tena kwa mtu mwingine, na nilipoisikia nilimchukia kwa moyo mzima, kwa namna ambayo mtoto huambiwa hawezi kuchukia.

Nyumbani nilisema kweli yote. Jumapili babu akanishika mkono tukamwendea Mwalimu baada ya ibada, pale nje ambapo watu husalimiana. Mwalimu alimwamkia kwa mikono miwili, akainama. Babu akamweleza kwa utaratibu. Naye akasikitika, akatikisa kichwa, akasema mzee wangu, watoto ni watoto, aliuleta hivyo hivyo, nami nikadhani umevitoa mwenyewe. Nikaionyesha kwa kidole ile ngozi ya mbuzi nikasema vimo humo ndani. Watu wakaguna, mtoto anamnyooshea mwalimu kidole mbele ya kanisa. Mwalimu hakukasirika. Aliutoa upinde sandukuni, akamnyooshea babu.

"Kama mzee ataona vema, tukate tuangalie," akasema. "Ni kitu cha kumwimbia Mungu, lakini tukate tu."

Alimjua mtu wake. Babu alikuwa mtu wa haya, wale wazee ambao wakikuta umekaa kwenye kiti chao wanajifanya walitaka kusimama. Mbele ya watu wote wale asingeweza kumwambia mgeni msomi kata. Akasema haina haja, mwalimu, nisamehe kwa usumbufu. Kisha akaniangalia mimi.

Hakunipiga. Laiti angenipiga, ningelia yakaisha. Alilitundika zeze juu kabisa, pasipofikiwa na kigoda, na watu wa harusi walipokuja kumwomba aliwaambia mke wangu hana miguu tena. Hawakuelewa, wakadhani uzee. Samli alianza kuipaka yeye mwenyewe, baadaye akaacha, na ngozi ya kenge ikapasuka. Hakuniuliza tena samli na katani. Nilikuwa napita mbele yake na bakuli la uji, anapokea, anasema asante, basi. Kilichoniuma si vikuku peke yake. Mtu niliyempenda kuliko wote duniani alikuwa ananiona mwizi na mwongo, na nilitaka anione tena nilivyo, na nilitaka yule mwingine alipe. Nililala na hayo mawili na kuamka nayo.

Nafasi ilikuja siku ya sikukuu ya mavuno. Mnajua ilivyo, kila nyumba inaleta sadaka ya shamba, mikungu ya ndizi, kahawa, kuku, na baada ya ibada vinanadiwa. Babu alinipa kibuyu kidogo cha samli nikipeleke. Sadaka zilikusanywa chumba cha pembeni, na kwenye meza ya chumba hicho hicho lilikuwa limelazwa sanduku jeusi, kwa kuwa siku hiyo alikuja mgeni mkubwa wa dayosisi na Mwalimu angeanza ibada kwa kupiga fidla peke yake. Alikuwa amekwisha kuijaribu fidla, ametoka kumpokea mgeni. Chumbani tulikuwa mimi na kuku waliofungwa miguu.

Nilifungua sanduku. Jicho likaniangalia. Nilichana kipande cha jani lililofungia mkungu wa watu, nikalifunika lile jicho. Kisha nikazamisha vidole viwili ndani ya kibuyu, hadi kwenye kiungo, nikazipaka singa zile za farasi kutoka kisigino hadi kichwa, juu na chini, taratibu, kama nilivyofundishwa kupaka ngozi. Nikafuta mikono kwenye sketi ya kwaya, nikaondoa jani, nikafunga.

Mwalimu alisimama mbele. Kanisa likanyamaza. Akaiweka fidla kidevuni, akafumba macho kama alivyopenda, akavuta. Hakuna kitu. Akavuta tena kwa nguvu, upinde ukateleza hadi karibu umtoke mkononi, fidla ikatoa mnong'ono wa mtu mwenye mafua. Mtoto mmoja nyuma akacheka. Wakacheka watatu, na baada ya hapo hata wazee wa kanisa walikuwa wameinamia vitabu vya nyimbo mabega yakitikisika. Mgeni mkubwa akakohoa. Nilisimama safu ya mbele ya kwaya nikamwangalia usoni. Alizigusa singa, akanusa vidole, kisha macho yake yakazunguka yakaja kutua kwangu. Alijua. Na nilijua kwamba hawezi kusema, kwa sababu akisema ni mimi, kuna mtu atauliza kwa nini. Tangu siku ile tulifungana hivyo, yeye na mimi, na sanduku akampa mwingine alibebe.

Saa ya mnada ilipofika, mnadi alikifungua kibuyu chetu ili watu waone samli ilivyo nzuri. Babu alikuwa amekaa mbele, akaona. Juu ya samli ile laini palikuwa na njia mbili za vidole, ndogo, za mtoto. Tulipofika nyumbani alinishika mkono wa kulia, akaunusa muda mrefu.

"Samli na katani?" akauliza.

"Ni wake wenza, babu."

Alicheka hadi akakaa chini. Kisha kicheko kikageuka, nikaona machozi, mara ya kwanza na ya mwisho kuyaona kwake. Akasema aliyeharibu kitu kwa mkono wake hawezi kuwa na hasira ya namna hii. Akasema nimsamehe. Babu yangu aliniomba msamaha, mimi wa miaka tisa, kwa kuwa alikuwa mtu wa haya hata kwangu. Nilitaka twende saa ile ile tukate ile ngozi ya mbuzi. Akakataa, tungeonekana tumechafua kitu cha kanisa kisha tumerudi kukipasua, na mimi ndiye ningebaki na jina baya. Basi ikabaki ndani ya nyumba. Alinipenda tena, lakini endingidi hakuipiga tena, na alikufa miaka michache baadaye bila kuisikia ile chi, chi, chi. Hilo sikumsamehe Mwalimu. Tena niseme kweli nyingine: nilivyokua nilianza kujitilia shaka. Sikuwahi kuviona ndani ya ile ngozi. Kuna usiku niliwaza, je, kama nilimwadhibu mtu asiye na kosa?

Msiba ulikuwa Kituntu, alikojenga na kuoa. Nilifika mchana, turubai limejaa. Mjane wake, mama mmoja mwema ambaye sina ugomvi naye, alinikumbatia akaniita ndani.

"Wewe ndiye uliyekuwa unambebea fidla," akasema. "Alikuwa anakutaja. Tumeamua azikwe na upinde wake mikononi. Ufute vumbi, uukaze, umwekee wewe."

Alinipa sanduku, akatoka, akafunga mlango. Nilikaa kitandani nalo magotini. Kitambaa chekundu kilikuwa kimeliwa na mende. Ngozi ya mbuzi ilikuwa ngumu kama gome, na nyuzi zake zilikatika kwa kucha tu, sikuhitaji hata kisu. Ndani, shaba ilikuwa imegeuka nyeusi. Vyote vinne. Kwenye ncha zilizokatika zilichomoza singa nyeupe za ng'ombe wa bibi, na mwisho wa kila kimoja lilikuwapo lile fundo, jekundu lililopauka. Nililia. Nililia kwa hasira na kwa furaha, sijui ipi ilitangulia, na wale wa nje walionisikia walidhani ninamlilia yeye.

Nikavizungusha kuvitoa, mzunguko baada ya mzunguko. Vitatu nikavifunga kwenye pindo la kanga, cha nne nikakivaa mguuni, chini ya gauni. Kesho yake vilikuwa Bweranyange, juu ya kaburi la bibi, mwenye navyo. Upinde wa Mwalimu nikaukaza skrubu kama alivyonifundisha. Chupa ya samli ilikuwa bado mkobani, sikuwa nimepata wa kumkabidhi. Nikaifungua. Kutoka kisigino hadi kichwa, juu na chini, taratibu.

"Mbona singa zinang'aa hivyo?" mjane akauliza nilipotoka.

"Nimezipaka samli, mama. Huko anakokwenda si ataimba?"

Akanishukuru mbele ya watu. Nikaenda hadi kwenye jeneza, kwaya ikiimba, nikamwekea upinde katika mikono yake. Mara ya kwanza nililifunika jicho kwa jani, kwa woga. Safari hii nililigeuza likatazama juu, likaniona vizuri.